Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wakimbizi wa Tibet na Mwanamke Mwenyeji katika Kazi Tatu

Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa ataje sifa za mhusika aliyempokea mkimbizi, jibu huwa tayari: ni mkarimu, ana huruma, ana utu. Akiulizwa sifa za mkimbizi mwenyewe, husema ni maskini, ni mvumilivu, ni mwenye shukrani. Majibu haya hupata alama, lakini yana kasoro. Yanamfanya mwenyeji kuwa mtendaji na mgeni kuwa mtendwa. Wahenga hawakuona hivyo. Waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walikiri kuwa mwenyeji naye ana upungufu unaoondolewa na ujio wa mgeni, hata kama ni kitoweo tu ambacho kisingepikwa siku hiyo.

Makala haya yanachunguza uhusiano wa familia za wakimbizi wa Tibet na mwanamke anayezipokea katika kazi tatu za kimagharibi: masimulizi ya Dervla Murphy, *Tibetan Foothold* (1966), kitabu cha Yangzom Brauen, *Eisenvogel* (2009), na filamu ya hali halisi ya Ueli Meier, *Tibi und seine Mütter* (2013). Hoja yetu ni kwamba urafiki huu haupimwi kwa wingi wa vitu anavyotoa mwenyeji, bali kwa nafasi aliyo nayo mgeni ya kusema, kutoa na hata kukataa.

Usuli

Mnamo Machi 1959, baada ya maasi ya Lhasa dhidi ya utawala wa China kuzimwa, Dalai Lama alikimbilia India. Watibet wapatao 80,000 walimfuata wakipitia milima ya Himalaya kwa miguu. Wengi walipewa kazi ya kujenga barabara milimani, na watoto wao wakakusanywa katika makao kama yale yaliyoanzishwa Dharamsala mwaka wa 1960. Huko Ulaya, Uswisi ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwapokea. Mwaka wa 1963 serikali yake iliidhinisha wapokewe Watibet 1,000. Kazi tunazozihakiki zimechipuka katika mazingira haya.

Mwenyeji ambaye naye ni mgeni

Murphy, mwandishi wa Ireland, alifika India mwaka wa 1963 baada ya kusafiri kwa baiskeli kutoka kwao. Akajitolea kuwahudumia watoto wa Kitibet katika makao ya Dharamsala. Katika kitabu chake, kinaya kinajitokeza mapema: yule anayetunza, kuosha vidonda na kulisha naye ni mgeni katika nchi hiyo. Ardhi si yake wala si yao. Kwa hiyo uenyeji katika kazi hii ni wajibu anaojitwika mtu, si haki ya kuzaliwa mahali.

Usimulizi ni wa nafsi ya kwanza. Mbinu hii ina faida na gharama. Faida ni kuwa msimulizi hajifichi: hasira na mapenzi yake yako wazi, na hasiti kuikosoa namna misaada inavyotolewa. Gharama ni kuwa watoto na wazazi wao hatuwasikii ila kupitia kalamu yake. Mzazi wa Kitibet alimwonaje mwanamke huyu aliyekuja peke yake kwa baiskeli? Kitabu hakiwezi kutujibu kwa kinywa cha mzazi huyo. Hata hivyo, urafiki wenyewe haukuwa wa msimu mmoja. Mwaka wa 1965 Murphy alikwenda Pokhara, Nepal, kufanya kazi tena miongoni mwa wakimbizi wa Kitibet, na hapo pakatoka kitabu kingine, *The Waiting Land* (1967). Anayerudi kwa hiari hatuwezi kusema alikuja kutoa tu. Kuna kitu alikipata.

Mwenyeji na mgeni katika mwili mmoja

Katika *Eisenvogel*, kalamu imehamia mkono mwingine. Brauen anasimulia maisha ya vizazi vitatu: nyanya yake Kunsang, aliyekuwa mtawa wa Kibudha, mama yake Sonam, aliyevuka Himalaya akiwa mtoto, na yeye mwenyewe, aliyezaliwa Uswisi mwaka wa 1980. Baba yake ni Mswisi. Msimulizi basi ni mwanamke mwenyeji na pia ni mjukuu wa wakimbizi. Mazungumzo ya mgeni na mwenyeji, ambayo kwa Murphy yalikuwa ya watu wawili, hapa yamo ndani ya mtu mmoja.

Mabadiliko haya yanageuza wasifu wa wahusika. Kunsang hachorwi kama mtu wa kuhurumiwa. Ameleta sala zake, imani yake na kumbukumbu ya nchi ambayo mjukuu hakuzaliwa humo. Mjukuu ndiye mhitaji, kwa kuwa bila nyanya huyu hana hadithi ya kusimulia. Mgeni ametoa na mwenyeji amepona.

Mama wawili

Kazi ya tatu ndiyo nzito zaidi. Kati ya 1961 na 1964, kwa juhudi za Charles Aeschimann, mfanyabiashara wa Uswisi, watoto takriban 160 wa Kitibet walipelekwa kulelewa na familia za Waswisi. Dalai Lama aliukubali mpango huo. Lakini wengi wa watoto hao hawakuwa yatima kamili; walikuwa na mzazi aliye hai.

Anwani ya filamu ya Meier inabeba mgogoro wote: mhusika ana akina mama, kwa wingi. Kiswahili kina mama mzazi na mama mlezi, na ni rahisi kudhani kuwa majina hayo mawili yanamaliza ugomvi. Hayamalizi. Mlezi wa Uswisi aliyefungua mlango wake huenda alipenda kwa moyo safi. Hata hivyo uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyu alikuwa India, mbali, bila uwezo wa kuamua mengi. Je, mkimbizi asiye na kitu anapoambiwa mwanawe atasomeshwa Ulaya, anaweza kweli kusema hapana? Pasipo uwezo wa kukataa, ukarimu hugeuka amri hata kama mtoaji hakukusudia hivyo. Kumwita mlezi huyu mwovu ni kosa, na kumwita mkarimu tu kisha tukafunga kitabu ni kosa pia.

Funzo kwa darasa

Walimu waliofundisha *Chozi la Heri* ya Assumpta K. Matei wataitambua hali hii. Umu anaasiliwa na Mwangeka na Apondi, na Mwaliko anapata makao kwa Mwangemi na Neema, huku mama yao Naomi, aliyewaacha, angali hai. Wanafunzi husifu walezi haraka, na wana haki. Lakini mwalimu asiishie hapo. Awaulize: Ni nani anayesimulia, na ni nani asiyesikika? Mgeni ametoa nini? Na je, angeweza kukataa alichopewa? Maswali haya yatawafanya waandike sifa zinazotokana na matendo badala ya orodha waliyoikariri.

Hitimisho

Tumeona mwanamke mwenyeji akiwa msaidizi, akiwa mjukuu, na akiwa mama badala ya mama. Katika kazi ya kwanza urafiki unaonekana kwa jicho la mwenyeji. Katika ya pili mgeni amepata msemaji wa damu yake. Katika ya tatu upendo wenyewe umekuwa na deni. Darasani mwetu huenda ameketi mtoto aliyehama kwao kwa nguvu, na anasikiliza jinsi tunavyomjadili mkimbizi wa kitabuni. Tukimfundisha kuwa sifa yake pekee ni shukrani, tutakuwa tumemnyang'anya sifa nyingine zote.