Mwalimu Watson na Kitendawili Chake: Uhakiki wa Filamu «Mona Lisa Smile»

Filamu iitwayo Mona Lisa Smile, iliyoongozwa na Mwingereza Mike Newell na kutolewa mwaka 2003, imekwisha kusemwa mengi. Walioipenda waliipenda kwa ajili ya Julia Roberts, na walioichukia vivyo hivyo. Sisi tunaiendea kwa mlango mwingine, ulio karibu zaidi na kazi yetu: mwalimu anapouliza swali darasani, je, anauliza kweli?

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwaka 1953, Katherine Watson anatoka California kwenda Wellesley, chuo cha wanawake katika jimbo la Massachusetts, kufundisha historia ya sanaa. Anakuta wasichana wenye akili kali wanaoandaliwa, kwa heshima zote, kuwa wake wa mabwana wakubwa. Anajaribu kuwafumbua macho, anapingwa, na mwisho anaondoka.

Somo la kwanza ndilo lililotuvutia kupita yote. Mwalimu anawasha mashine ya slaidi, na kabla hajafungua kinywa mwanafunzi mmoja ameitaja picha, mahali ilipopatikana na umri wake. Slaidi ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Kitabu chote wamekwisha kukisoma. Mwalimu hana la kufundisha, naye mkubwa mmoja wa idara ameketi nyuma akitazama. Kila mmoja wetu aliyewahi kusahihisha karatasi mia mbili zilizonakili silabasi neno kwa neno, pamoja na makosa yake ya chapa, ataelewa kwamba aibu ile si ya Katherine peke yake.

Siku inayofuata anawaonyesha picha isiyomo kitabuni: nyama nzima ya ng'ombe aliyechunwa na kutundikwa, kazi ya Soutine. Anawauliza kama ni nzuri. Darasa linanyamaza, kisha linababaika. Kiswahili kingemtaka mwalimu huyu aseme wazi zaidi: ni nzuri kwa macho, ni njema, au ni bora kwa usanii wake? Lugha yake inampa neno moja la kubeba yote matatu, na humo ndimo mjadala unamopata nguvu. Hilo ni swali la kweli, kwa maana muulizaji hajashika jibu mkononi.

Lakini kadiri filamu inavyoendelea, maswali ya Katherine yanabadilika sura. Anauliza kuhusu ndoa, kazi na maisha ya baadaye, na sasa jibu analo tayari. Wazee wetu wana mchezo wa namna hii: mmoja anatega, wengine wanategua, na anayeshindwa hutozwa mji. Mtegaji wa kitendawili hatafuti kujua kitu. Anapima kama wewe unajua anachokijua yeye. Basi Katherine, aliyekuja kuvunja masomo ya kukariri, anaanza kutega vitendawili bila kujitambua.

Anayemwonyesha jambo hilo ni Joan Brandwyn (Julia Stiles). Kwa kuhimizwa na mwalimu, Joan ameomba nafasi ya kusoma sheria Yale, naye amekubaliwa. Hata hivyo anaolewa na kumfuata mumewe. Mwalimu haamini. Anamletea njia nyingine: kuna shule za sheria huko huko Philadelphia, anaweza kuyashika yote mawili. Joan anamjibu kwa upole kwamba ameamua mwenyewe, akijua anachokiacha. Na kwamba mwalimu aliyewafundisha kutazama nyuma ya picha hatazami nyuma ya picha ya mama wa nyumbani. Joan hatoi mji. Analikataa fumbo lenyewe.

Kwetu sisi, hapa ndipo kilele cha filamu, ingawa mwongozaji hakukusudia hivyo. Mwanafunzi ametumia mbinu ya mwalimu dhidi ya mwalimu, na hakuna ushahidi mkubwa zaidi kwamba amefundishika. Kwa bahati mbaya filamu inaingiwa na hofu. Inamwacha Joan, inakimbilia kwa Betty Warren (Kirsten Dunst), aliyeolewa mapema kwa fahari na kukuta mume msaliti. Betty anamwonyesha mama yake picha ya Mona Lisa akitaka kujua kama mwanamke yule anayetabasamu ana furaha. Dunst anaigiza vizuri, tena vizuri sana, ila jibu limekwisha kupangwa: mume ni mbaya, kwa hiyo mwalimu alikuwa na haki. Kama mume wa Betty angekuwa mwema, filamu ingesema nini?

Kosa la pili ni la kihistoria. Filamu inataka tuamini kwamba sanaa ya kisasa iliingia Wellesley mwaka 1953 ndani ya sanduku la Katherine. Kumbe ni chuoni humo humo ambamo Alfred Barr alianzisha mwaka 1927 somo la sanaa ya kisasa, miaka miwili kabla ya kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Naye Margaret Clapp, rais wa chuo tangu 1949 hadi 1966, alikuwa amepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1948 kwa kitabu cha wasifu. Ndiyo maana baadhi ya wahitimu wa miaka ile walilalamika. Ili mwalimu mmoja ang'ae, walimu wenzake wote wamezimwa taa.

Hata hivyo, masomo ya kuandaa meza na kumpokea bosi wa mume, anayoyatoa Nancy Abbey (Marcia Gay Harden), hatuwezi kuyacheka tukiwa mbali. Miaka ile ile ya 1950, katika Kongo ya Wabelgiji, mama zetu na bibi zetu walikuwa katika «foyers sociaux» wakifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi ili wawafae waume walioitwa «évolués». Tofauti ni kwamba wa Wellesley walikuwa na shahada mkononi. Kwetu ilibidi kungoja hadi 1964 ndipo Sophie Kanza awe mwanamke wa kwanza Mkongomani kumaliza chuo kikuu, pale Lovanium.

Mwishoni chuo kinamkubalia Katherine abaki, mradi afuate mtaala na kuonyesha masomo yake kabla ya kuyafundisha. Anakataa. Wanafunzi wanamletea alizeti za Van Gogh, kila mmoja amechora zake, kisha wanaifuata gari yake kwa baiskeli, huku sauti ya Betty ikimsifu katika tahariri yake ya mwisho. Tungalipenda kusikia tahariri ya Joan.