Sikio la Kushoto

Picha yenyewe ni pasipoti saizi, milimita 35 kwa 45, nyeusi na nyeupe. Imetolewa kwenye mkoba ikiwa imekunjiwa ndani ya karatasi ya daftari, na karatasi iko ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa fundo. Ni ya mzee aliyekuwa mfanyakazi wa reli pale Kilosa. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na kuingia 2010, maji yalifika hadi kwenye sanduku la nyaraka za familia, na zilizopona ni chache. Hii ilipona nusu. Doa la rangi ya chai limepanda kutoka begani, limepita shavuni, likala sikio lote la kushoto.

Aliyeileta ni mjane wake. Amekuja Mikumi kwa basi, kwa njia ya Ulaya (kata ya Kilosa hiyo, viza haihitajiki), akiwa na mjukuu wake wa kiume. Anataka mzee akae ukutani, mkubwa, mwenye rangi.

Fundi ana meza moja ndani ya steshenari iliyo jirani na barabara kuu, ile ya malori ya Zambia na Kongo. Mbele ni fotokopi, laminesheni na picha za pasipoti. Yeye yuko nyuma, penye pazia jeusi. Ana kompyuta mpakato, skana, kibao cha kuchorea kisichozidi daftari kwa ukubwa, na kalamu isiyo na wino. Programu yake ni Krita, inayopatikana bure. Kalamu hiyo hutofautisha viwango 8,192 vya mkandamizo wa mkono. "Mkono wangu wenyewe unavijua kama kumi," anasema.

Pazia nililidhania ni la kuficha vurugu za meza. Kumbe ni kifaa cha kazi. Jua likipiga kioo cha kompyuta, jicho hudanganyika: rangi huonekana hafifu, fundi anazidisha, na jioni anakuta uso umekolea kama tofali. Kwa hiyo hulivuta pazia kabla hajashika kalamu, saa yoyote ile, hata joto liweje.

Kwanza akaipuliza picha kwa kipira cha kupulizia vumbi, akaifuta kwa brashi laini ya manyoya bila kukandamiza, akailaza kwenye kioo cha skana. Akaiskani kwa nukta 1,200 kwa kila inchi, na ule upana wa milimita 35 ukatoa nukta zaidi ya 1,650. Akienda juu ya hapo, anasema, hapati uso zaidi, anapata chembe za karatasi tu. Kisha akafungua ukurasa mpya wa ukubwa wa A3, nukta 3,508 kwa 4,961, akaiweka picha chini kama leya (tabaka) ya kwanza na kuififisha mpaka ikabaki kivuli.

Nilitegemea afuatishe mistari. Hakufuatisha. Aliweka vitone tu: pembe za macho, ncha ya pua, pembe za mdomo, kidevu, mahali nywele zinapoanzia. Vitone kumi na saba, nilivihesabu. Halafu akaizima picha ile, akaihamishia pembeni, akaanza kuchora kwa kuitazama kama mtu anayetazama mzee aliyeketi mbele yake. Nikamuuliza kwa nini ajitese. Akajibu kwamba anayefuatisha huchora mpaka wa kivuli, na kivuli si mfupa. Kila baada ya dakika chache aliirudisha picha juu ya mchoro, akapima, akaizima tena. Taya lilikuwa limepanuka kidogo. Akalifuta lote, siyo kipande, akalianza upya.

Ikaja rangi, na hapo picha nyeusi na nyeupe haina la kusema.

"Bibi, samahani, mzee alikuwa wa rangi gani?"

"Maji ya kunde."

"Na katika familia, nani amemchukua zaidi?"

Bibi akamnyooshea kidole mjukuu. Fundi akamtoa kijana hadi mlangoni, akamsimamisha kivulini, si juani, akamtazama paji la uso, shavu, na upande wa ndani wa mkono. Akarudi ndani akapaka vipande sita vya kahawia pembezoni mwa ukurasa, kila kimoja kikitofautiana na jirani yake kwa kiasi ambacho mimi nisingekigundua. Bibi akavaa miwani na kuchagua cha nne. Baadaye akabadili mawazo: "Lakini mzee alikuwa mtu wa jua." Fundi akakiongezea wekundu kidogo, akakipunguzia mwanga. Bibi akatikisa kichwa kukubali.

Wapo wachoraji waliolikwepa swali hili kwa makusudi. Amy Sherald, Mmarekani aliyemchora Michelle Obama katika picha iliyozinduliwa Washington mwaka 2018, huipaka ngozi ya watu wake rangi ya kijivu. Nilimwonyesha fundi mchoro huo kwenye simu. Aliusifu kwa dhati, hasa gauni. Akasema bibi wa Kilosa hatataka mume wa kijivu.

Upakaji wa ngozi ulichukua siku tatu, na ndipo nilipomwelewa fundi huyu. Alianza na rangi moja ya katikati, uso mzima, bapa kama ukuta. Juu yake, kwenye leya nyingine, akaweka vivuli, na hakuvitoa kwenye rangi nyeusi. Chini ya kidevu aliweka kahawia inayoelekea zambarau. Kwenye mashimo ya macho, kahawia iliyoiva wekundu. Nyeusi tupu, alinieleza, hutoboa tundu usoni. Kisha mianga: paji la uso, mifupa ya mashavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini. Ngozi nyeusi hupokea rangi ya kilicho juu yake, na aliyeketi karibu na dirisha hubeba bluu ya mbingu usoni bila kujua. Akapitisha bluu hafifu sana kwenye paji, mpapaso mmoja. Mpaka hapo mzee alikuwa amepakwa rangi. Mpapaso ule ukampa hewa ya kuvuta.

Karibu kazi yote aliifanya kwa brashi ngumu. Programu ina brashi laini inayoyeyusha rangi moja ndani ya nyingine kwa mguso mmoja, na wengi wanaoanza huipenda mno. Ndiyo inayozaa zile nyuso za plastiki tunazoziona kwenye mabango. Yeye huweka rangi mbili jirani, kisha ya tatu katikati yao, kisha ya nne katikati ya hizo, mpaka jicho lisahau mpaka ulikuwa wapi. Mikunjo ya paji la uso aliijenga hivyo, mmoja mmoja, wa juu mwembamba na wa chini mzito. Mjukuu aliomba ipunguzwe kidogo ili babu apendeze. Fundi akamgeukia bibi. Bibi akasema iachwe. Umeme ulikatika mara mbili siku hizo, na mara zote mbili hakupoteza kitu, kwa kuwa mkono wake wa kushoto huhifadhi kazi kila baada ya dakika chache, kama mtu anayepangusa jasho.

Tukafika kwenye sikio. Lilikuwa limeliwa na maji, hakuna mstari wa kushika. Alifanya ambalo yeyote angelifanya: akalinakili la kulia, akaligeuza, akalipachika. Likakaa vizuri. Bibi alikuwa amesharudi nyumbani, kwa hiyo akamtumia kipande kwa WhatsApp kupitia simu ya mjukuu. Jibu lilikuja kwa sauti, fupi: "Hilo si sikio lake."

Ikabidi apige simu na kuuliza taratibu, kwa heshima, swali moja baada ya jingine. Lilikuwa kubwa? Hapana. Lilikuwa na kovu? Hapana. Mwisho bibi akakumbuka penseli. Tangu ujana wake kazini mzee alikuwa akichomeka penseli juu ya sikio hilo, asubuhi mpaka jioni, na hata alipostaafu aliichomeka bado, ya kazi gani hakuna aliyejua. Sikio likazoea kusukumwa, likawa limesimama mbali kidogo na kichwa.

Kuna programu za simu zinazogeuza picha kuwa mchoro kwa sekunde. Fundi anazo, na huwafanyia vijana wanaotaka picha ya kujitambulisha mtandaoni. Alishaijaribu ya mzee. Alitokea bwana nadhifu wa miaka thelathini hivi, ngozi nyororo, masikio sawasawa kama ya kikombe cha mikono miwili. Penseli ile mashine isingeijua. Bibi mwenyewe aliikumbuka baada ya kuulizwa mara nne.

Akalifuta sikio zuri. Akalichora jipya, limesimama, na nyuma yake akaweka ufa mwembamba wa kivuli ambao sikio la kwanza halikuwa nao. Kazi ya upana wa kidole, asubuhi nzima. Penseli hakuiweka, bibi alisema ilikuwa ya kazini.

Macho aliyamalizia mwisho. Weupe wa jicho la mzee hakuupaka mweupe, aliupaka kijivu chenye umanjano, na nuru ya mboni ikawa kitone kimoja kila jicho, upande ule ule uliotoa mwanga wa paji.

Kabla ya kuchapa turubai aliagiza Morogoro kipande cha majaribio, upana wa vidole vitatu, kinachopita kwenye paji, shavu na kola ya kanzu. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, wino hautoi, na rangi huumia katika safari hiyo. Kilirudi na basi kikiwa kimewiva mno. Akapunguza wekundu, akatuma tena. Cha pili alikitazama dirishani, pazia wazi, akakubali. Fremu ni ya mtiki, bila nakshi.

Bibi alipofunguliwa karatasi ya kufungia hakugusa uso. Alipitisha kidole pembeni mwa sikio la kushoto, kutoka juu hadi chini, akasema, "Ndiye."

Msomaji, ukiwa nayo picha kama hiyo nyumbani, itoe leo kwenye mfuko wa nailoni, maana nailoni hufungia unyevu ndani, na uiskani kabla ya masika. Kama imegandana na kioo cha fremu, usiibandue. Ipeleke kwa fundi na kioo chake.