Istilahi za Simu za Intaneti: Tafsiri au Maelezo?

Mwaka 1999 Mark Spencer wa Marekani alianza kuunda Asterisk, programu huria iwezayo kuigeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu. Miaka kumi baadaye, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Basi, ofisi ndogo ya Liwatoni yaweza leo kuwa na mtambo wake yenyewe. Swali linalotuhusu sisi wanalugha ni hili: kijana ajifunzaye kuusimika na kuusimamia mtambo huo afundishwe kwa maneno gani?

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu huria yaweza kutumika kwa Kiswahili. Lakini kutafsiri menyu ni kazi moja, kumfundisha fundi ni nyingine. Menyu yataka neno. Fundi ataka kujua kitu chafanya nini.

Tuchukue mfano wa konteksti. Mhakiki wa fasihi atakimbilia "muktadha", naye atakuwa amekosea. Katika Asterisk, konteksti ni mpaka: huamua wito ulioingia kwa njia fulani waruhusiwa kufikia nambari zipi. Nyumba ya Mji wa Kale yatufaa zaidi hapa. Mgeni asiyejulikana huishia dakani. Wa nyumbani huingia ndani. Fundi asiyeielewa tofauti hiyo humwacha mgeni afike hadi kwenye nambari za ng'ambo, na wezi wakapiga simu usiku kucha kwa gharama ya mwenye mtambo.

Mfano wa pili ni SIP. "Itifaki ya kuanzisha kikao" ni tafsiri sahihi isiyomwambia mwanafunzi lolote. Kazi ya SIP ni ya mshenga: hupeleka ombi na kurudisha jibu, lakini maongezi yenyewe hayapitii kwake. Sauti huchukuliwa na RTP, kwa milango mingine. Aliyefahamu hayo hatatatizika simu ikilia, ikapokewa, kisha upande mmoja usisikie kitu. Atajua kwamba mshenga amefika ilhali njia ya sauti imezibwa, aghalabu pale ruta inapobadilisha anwani.

Huenda ikasemwa kwamba daka na mshenga ni mifano tu, na kwamba sayansi yahitaji istilahi thabiti. Pingamizi hilo lina uzito, kwani mfano ukivutwa mno hupotosha. Hata hivyo, hatusemi mfano ushike nafasi ya istilahi. Twasema uitangulie, ili istilahi itokane na kazi. Neno "simu" lenyewe lilitokana na Kiajemi, likiwa na maana ya waya. Leo twaliita hivyo hata lisilo na waya, wala hapana anayepotea, kwa sababu watumiaji ndio walioipanua maana yake.

Kwa hiyo, kamati za istilahi zikae na mafundi mbele ya mtambo kabla ya kufungua kamusi.