Pongezi kwa Wamethodisti wa Kamina

Kamina, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio kwenye njia panda ya reli za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie, Wamethodisti wamefanya mengi ambayo raia angeyategemea kutoka serikalini. Vita vilivyoanza 1998 vilipowamwaga wanavijiji mjini, Askofu Ntambo Nkulu Ntanda, aliyechaguliwa 1996, hakuishia mimbarini: wakimbizi walilishwa, yatima wakapokelewa, na 2004 akawaita Mai-Mai, wanamgambo wa vita hivyo, wazungumze amani. Huo ni ujasiri, hata kwa askofu.

Lakini mimi nawavulia kofia walimu. Kwa mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, kanisa husimamia shule, serikali hulipa mishahara (ikikumbuka). Mwezi mshahara usipofika, chaki bado inaandika, na mtoto wa mkulima wa mihogo anasoma. Akifaulu, chuo kikuu cha Kimethodisti kiko hapohapo Kamina.