Ujinga au Uhaini?

Hotuba nyingi za wanasiasa hufa ukizisoma kwa karatasi. Ya Pavel Milyukov bado inauma, na nimeirudia mara kadhaa nikitafuta pale hasa alipotuchezea.

Ni tarehe 1 Novemba 1916 kwa kalenda ya kale ya Urusi, ndani ya Duma, bunge lililokuwa Petrograd. Vita vimeingia mwaka wa tatu, na Tsar Nicholas wa Pili anabadilisha mawaziri ovyo ovyo. Milyukov, kiongozi wa chama cha waliberali cha Kadet, anasimama kumshambulia waziri mkuu Boris Stürmer. Anataja kosa moja la serikali, anauliza: huu ni ujinga au uhaini? Anataja lingine, anauliza tena.

Kama kazi ya maneno, hii ni noma. Hebu angalia hilo swali. Linaacha majibu mawili tu, na yote mawili yanamzika mshtakiwa. Jibu la tatu, kwamba dola lilikuwa limechoka na reli zimelemewa, halina pa kukaa. Ukisikia swali lilelile mara ya tatu, ushajijibu mwenyewe. Msemaji hajalipia chochote.

Sasa ushahidi uko wapi? Kipande kizito kuliko vyote kilimgusa Malkia Alexandra, Mjerumani kwa kuzaliwa, na Milyukov alikisoma kwa Kijerumani kutoka Neue Freie Presse, gazeti la Vienna. Vienna, bana! Mji mkuu wa adui. Na huyu si mropokaji wa mtaani; ni mwanahistoria, mwanafunzi wa Klyuchevsky, mtu wa kupima vyanzo. Mimi chuo sikumaliza, lakini insha yenye chanzo kama hicho ingerudi imejaa wino mwekundu.

Serikali ilizuia hotuba isichapishwe. Kumbe ndiyo iliipa miguu: watu waliinakili, ikazunguka mpaka kwa wanajeshi vitani. Kwenye kumbukumbu zake, Milyukov anasema wasikilizaji walichagua uhaini hata pale ambapo yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Sentensi hiyo inanikera kuliko hotuba yote. Ati walichagua! Nani aliwapangia meza?

Stürmer aliondolewa mwezi huohuo. Lakini Milyukov hakutaka kuangusha kiti cha enzi; alitaka mfalme anayebanwa na katiba, kama Uingereza. Tsar alipojiuzulu mapema 1917, ni yeye, karibu peke yake, aliyemsihi Mikhail, ndugu wa Tsar, apokee taji. Mikhail alikataa. Milyukov akawa waziri wa mambo ya nje kwa miezi miwili hivi, akaandika barua ya kuwahakikishia washirika kwamba Urusi itapigana hadi ushindi, watu wakajaa barabarani, akatoka.

Wafuasi wa ufalme hawakumsahau. Machi 1922, jijini Berlin, wawili wao walimvamia kwenye mkutano na kufyatua risasi. Yeye hakuguswa. Aliyekufa ni mwenzake wa chama, Vladimir Dmitrievich Nabokov, aliyemkabili mmoja wao kwa mikono mitupu. Mwanawe, ambaye baadaye dunia ingemjua kwa riwaya zake, alikuwa na miaka 22.

Milyukov aliishi miaka mingine 21, akiandika historia.