Maji ya Umoja na Maji ya Kinga: Swali la Vita Katika Kinjeketile

Kila mwaka tunapofundisha tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, swali moja hurudi katika mitihani na katika insha: jadili ushujaa wa mhusika mkuu. Wanafunzi wamekwisha kulizoea. Huandika kwamba Wajerumani walikuwa wakatili, kwamba makabila yaliungana, kwamba Waafrika walishindwa kwa sababu ya silaha duni, na kwamba Kinjeketile alikataa kuwasaliti wenzake hata alipokabiliwa na kifo. Alama hupatikana, kitabu hufungwa, na darasa huendelea na kitabu kingine.

Hatusemi kwamba majibu hayo si sahihi. Tunasema kwamba hayaligusi jambo zito kuliko yote katika tamthilia hii. Tangu ilipochapishwa mwaka 1969, imesomwa zaidi kama kitabu cha kusifu mapambano. Sisi tunaona kwamba inauliza swali gumu zaidi. Haiulizi tu kama watu wa kusini mwa Tanganyika walikuwa na haki ya kupigana. Inauliza kama vita vyenye sababu ya haki vinaweza kubaki vya haki vikianzishwa kwa neno ambalo msemaji wake mwenyewe hana hakika nalo.

Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda, swali hili haliko mbali. Wengi wa wazee wetu walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, na nchi yetu imeonja vita vilivyoitwa vya ukombozi zaidi ya mara moja. Mwanafunzi anaposoma kuhusu mtu anayewaambia wenzake waende vitani, huwa ana babu au shangazi wa kumuuliza ilikuwaje. Basi tusimfundishe kujibu swali jepesi.

Kipimo cha mambo matatu

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Rais Julius Nyerere aliwahutubia wananchi wake mapema mwezi uliofuata. Alitaja mambo matatu ambayo Tanzania ilikuwa nayo: sababu, uwezo na nia. Walimu wa isimu na fasihi huyatumia maneno hayo kama mfano wa takriri nzuri katika hotuba. Lakini pia ni hoja ya maadili. Yanakaribiana na masharti ambayo wanafalsafa wameyajadili kwa karne nyingi: anayekwenda vitani awe na sababu ya haki, awe na nia iliyo wazi, na awe na matumaini ya kweli kwamba damu itakayomwagika haitamwagika bure.

Tuyachukue maneno hayo matatu tuyapeleke Rufiji, katika tamthilia.

Sababu ipo, na Hussein haachi shaka. Onyesho la kwanza halituonyeshi mashujaa wala mikuki, linatuonyesha wanawake wakizungumza juu ya njaa. Waume zao wako katika shamba la Mjerumani, na mashamba ya nyumbani hayana mtu wa kuyalima. Hayo hayakubuniwa. Kuanzia mwaka 1902, chini ya gavana von Götzen, watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo yasiyokuwa na maana. Vita vilipoanza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, kitendo cha kwanza kilikuwa kung'oa miche ya pamba.

Nia haikuwapo mwanzoni. Ilikuwapo hasira, lakini hasira ya watu waliogawanyika si nia. Wahusika wanashukiana kwa misingi ya ukoo na kabila, na kila mmoja anaogopa kwamba jirani ndiye atakayemuuza. Hapa ndipo Kinjeketile anapoingia mtoni, akapagawa, akatoka na maji. Maji yanawafanya watu waliokuwa wakitupiana macho ya chuki wanywe katika chombo kimoja. Kwa upande huu maji yalikuwa kweli. Yalifanya kazi yaliyoahidi, na kazi hiyo haikuwa ndogo.

Uwezo ndio tatizo. Maji yaleyale yaliyoleta umoja yaliaminiwa pia kuwa kinga dhidi ya risasi. Yalichukua nafasi ya bunduki zisizokuwapo. Kwa upande huu maji yalikuwa uongo. Ubora wa tamthilia hii umo hapa: mwandishi ameziweka ahadi mbili katika kikombe kimoja, moja ya kweli na moja ya uongo, na mnywaji hawezi kuzitenganisha.

Alijua nini, na alijua lini?

Mhakiki anayetaka kumhukumu Kinjeketile hana budi kuuliza alijua nini. Jibu la tamthilia si rahisi. Kinjeketile si tapeli. Ameamini kwamba alizungumza na Hongo. Lakini anapoelezwa aliyoyasema alipokuwa amepagawa, hasa lile la kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, anashtuka. Je, watu waondoke katika utumwa mmoja waingie katika mwingine? Tangu hapo shaka haimwachi. Anajaribu kuchelewesha vita. Anataka makabila mengine yajiunge, anataka Kitunda awafundishe watu kupigana. Mtu anayeamini kabisa kwamba risasi zitageuka maji hahitaji kuwafundisha watu kulenga shabaha.

Watu wanachoka kusubiri, wanaanza vita. Wapo wahakiki wanaomwondolea lawama Kinjeketile kwa sababu hiyo: yeye alisema wangoje, wao wakaharakisha. Sisi hatukubaliani nao. Watu waliharakisha kwa sababu waliamini wana uwezo, na uwezo huo walipewa na yeye. Aliyewapa watu imani ya namna hiyo hawezi kuwalaumu kwa kuitumia. Kama alikuwa na shaka, wenye haki ya kuijua shaka hiyo walikuwa wale watakaosimama mbele ya bunduki.

Tunajua jibu litakalotolewa, nalo ni jibu zito. Wengine watasema: bila imani ya maji watu wasingeinuka kamwe. Wangekufa polepole katika shamba la pamba, kila kabila peke yake. Kunyamaza mbele ya dhuluma nako ni kuua. Vita si lelemama, na hakuna kiongozi aliyewahi kuwaambia askari wake ukweli wote usiku wa kuamkia mapambano.

Tunakubali nusu ya hoja hiyo. Hatuamini kwamba kila vita ni dhambi, na hatuwezi kuwaambia watu wa Umatumbi kwamba walipaswa kuendelea kulima chini ya kiboko. Nusu ya pili hatuikubali. Anayekwenda vitani akijua kwamba huenda akafa amechagua, na uchaguzi huo ni sehemu ya uhuru anaoupigania. Anayekwenda akiwa ameaminishwa kwamba hawezi kufa hakuchagua. Aliyepelekwa shambani kwa kiboko na aliyepelekwa vitani kwa uongo wanafanana katika jambo moja: wote wawili hawakuulizwa.

Siku ambazo historia haikumpa

Hapa inafaa tulinganishe tamthilia na historia, kwani mwandishi mwenyewe alitenganisha mhusika wake na mtu halisi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Wapiganaji waliposhambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti na kuanguka kwa wingi mbele ya bunduki za rashasha, yeye alikuwa amekwisha kufa. Hakuona matunda ya maji yake.

Kinjeketile wa Hussein anaishi mpaka baada ya kushindwa. Mwandishi amempa siku ambazo historia haikumpa, na tunadhani hakufanya hivyo kwa bahati. Amemwacha hai ili ajibu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo tamthilia haikulifikisha mwisho, na tunaona ni kasoro. Wengi waliokufa katika vita vya Majimaji hawakuuawa kwa risasi. Wajerumani walichoma vijiji na ghala, wakaharibu mazao, na njaa ikafagia kusini nzima. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao walikuwa watoto, wanawake na wazee ambao hawakushika mkuki. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Tamthilia inaanza na wanawake wenye njaa, lakini katika onyesho la mwisho, gerezani, wanaozungumza ni wanaume tupu. Wanazungumzia watoto watakaosikia habari hizi siku zijazo. Hakuna anayeuliza mama zao watakula nini msimu huo. Mwalimu anayefundisha kitabu hiki anaweza kuliuliza yeye, kwa kurudi kwenye ukurasa wa kwanza.

Kukataa gerezani

Mwisho wa tamthilia ndio unaowagawa wasomaji. Wajerumani wanamtaka Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, aliyewaona vijana wake wakianguka, anamsihi aseme. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akisema, kesho watoto wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa.

Wanafunzi wetu hugawanyika sawasawa hapa. Wengine humwita shujaa, wengine humwita mkaidi. Tunapendekeza njia ya tatu. Ukweli una mwenyewe anayeudai. Wajerumani hawakuwa na haki ya kuudai, kwa sababu waliutaka ili wafunike dhuluma yao: maji yakiwa uongo, basi na njaa iwe uongo, na kiboko kiwe uongo. Kuwanyima neno hilo kulikuwa sahihi. Lakini waliostahili kuambiwa ukweli walikuwa watu wake, kabla ya vita, nao hawakuambiwa. Kukataa gerezani hakulipi deni la Rufiji. Kinjeketile ni shujaa mbele ya Wajerumani na mdaiwa mbele ya Kitunda, kwa wakati mmoja, na insha nzuri ni ile inayoweza kuyashika yote mawili bila kuangusha moja.

Kurudi Kagera

Tukiwa na kipimo hicho mkononi, turudi kwenye vita tulivyoanza navyo. Katika vita vya Kagera, sababu ilikuwapo: ardhi ilivamiwa na raia waliuawa. Uwezo nao ulikuwa wa kweli. Lakini lengo lililotangazwa kwanza lilikuwa kumfukuza mvamizi, na lengo hilo lilikua njiani. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walivuka mpaka, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwaka huohuo, baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania kwa kuingilia mambo ya nchi nyingine. Waganda wengi walishangilia barabarani.

Sisi tunaona kwamba vita hivyo vilikubalika, na tunasema hivyo bila kigugumizi, kwa sababu ya damu iliyokuwa ikimwagika chini ya utawala wa Amin. Lakini kukubalika si kutakata. Mji wa Masaka ulibomolewa vibaya na majeshi yaliyokuja kukomboa. Na baada ya ushindi amani haikuja: serikali zilipinduliwa moja baada ya nyingine, uchaguzi wa Desemba 1980 ukazaa vita vingine, na Luwero ikalipa mpaka Januari 1986. Utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera umetaja katika jina lake anguko la Idi Amin. Kwa Waganda anguko hilo halikuwa tamati.

Kwa hiyo, tukiulizwa kama vita vinaweza kukubalika kimaadili, jibu letu ni ndiyo, mara chache, na kwa masharti. Kwenye sababu, uwezo na nia tungeongeza la nne: ukweli. Watakaokufa waambiwe wanakwenda kufanya nini, wana nguvu kiasi gani, na kitakachofuata baada ya ushindi ni nini. Kiongozi asiyeweza kuwaambia hayo watu wake bado hajawa na haki ya kuwapeleka.

Tunawaomba walimu wenzetu wajaribu maswali haya mahali pa lile la zamani. Je, Kinjeketile alipaswa kumwambia nani ukweli, na wakati gani? Je, umoja uliojengwa juu ya jambo lisilo la kweli ni umoja? Na la tatu, ambalo mwanafunzi alipeleke nyumbani kabla ya kuandika: waulize wazee wako waliambiwa nini kabla ya vita walivyoviona, na walikuta nini. Majibu yatakayoletwa tungependa kuyasoma, na yaliyo mazuri tutayachapisha katika toleo lijalo.