Nani Alizika Gitaa?

Albamu ya kwanza ya Duma ilitoka Agosti 2020. Niliisikiliza nikiwa kwenye Probox kutoka Kisii mjini, barakoa kidevuni, magoti yamebanwa na gunia la mtu. Nilikuwa nangoja gitaa. Tulipofika Keumbu bado nilikuwa nangoja. Tulipofika Keroka, pale ambapo ukivuka soko umetoka Kisii umeingia Nyamira, nilizima simu nikiwa na hasira kama mtu aliyekopwa akanyimwa.

Kama huwajui, Duma walikuwa wawili: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Kabla ya hapo walikuwa kwenye bendi mbili za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Hizo ndizo zilinishika. Zilikuwa na gitaa zito, ngoma zilizopigwa na binadamu anayetoka jasho, na mlio unaojirudia mpaka uingie kwenye mifupa. Nilizigundua nikiwa chuoni, kwenye chumba cha kupanga chenye ukuta mmoja wenye unyevu. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Karo iliisha, hamu ikaisha, sijui ipi ilitangulia. Nilirudi nyumbani na begi moja na simu iliyojaa hizo nyimbo.

Kwa hivyo mnielewe. Kila kitu kingine kilikuwa kimebadilika. Nilitaka kitu kimoja tu kibaki vile nilivyokiacha.

Duma hawakubaki. Albamu ile ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo inayopenda muziki wa mashine uliovurugwa. Sikiliza “Lionsblood”: mapigo yanakimbia kuliko mkono wowote unavyoweza kupiga, sauti ya Khanja inapasuka juu yake, na gitaa, pale unapolisikia, limezikwa chini ya kelele. Wakosoaji wa Ulaya waliisifu sana. Mimi niliona usaliti. Nilisema, hawa jamaa wameacha sisi mia mbili tuliokuwa tunawajua, wameenda kuwatumbuiza Wazungu wenye tamasha.

Siku hiyo nilikuwa naenda kwa babu, upande wa Nyansiongo. Alinikuta nimenuna, akauliza. Nikamweleza, nusu Kiswahili nusu Ekegusii, kwamba watu niliowapenda wameua gitaa. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

“Gitaa?” akasema. “Si gitaa ndilo liliua obokano?”

Obokano ni kinubi chetu Wagusii, kikubwa, cha nyuzi nane, na sauti yake ni nzito, inakoroma. Babu alikua akisikiliza wazee wakikipiga kwenye pombe na sherehe. Halafu vijana wakaja na gitaa za umeme na benga. Leo Mgusii yeyote akimsikia hayati Christopher Monyoncho na Riakimai 91 Jazz anasema huo ndio muziki wa kwetu, wa asili kabisa. Babu anakumbuka wazee waliosusia sherehe kwa sababu ya gitaa kama hizo. Waliziita kelele.

Nilipata shida kulala usiku huo, na si mbu. Meshuggah wa Sweden, ambao mashabiki wa metali tunawaheshimu, wanajulikana kwa gitaa za nyuzi nane zinazokoroma chini kabisa. Mimi nimesifia huo mkoromo miaka mingi bila kujua kwamba kwetu ulikuwepo, na kwamba chombo ninachokililia ndicho kilichokuja kuufukuza.

Je, hiyo inafuta malalamiko yangu? Hapana, na hapa ndipo natofautiana na wale wanaosema muziki lazima ubadilike, basi nyamaza. Badiliko lina bei. Kwenye Duma tulipoteza mlio unaoweza kuubeba kichwani. Jaribu kuimbia mtu “Corners in Nihil” ukiwa unachuma chai, uone. Albamu inashambulia vizuri sana, lakini haipumui, na kitu kisichopumua huchosha. Obokano lilikoroma, lakini mpigaji alikuwa na hadithi ya kusimulia katikati.

Ndiyo maana The Adept, albamu ya Lord Spikeheart peke yake ya 2024, imenirudisha nusu. Aliitoa kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu, na ndani yake anamuenzi nyanya wa mzazi wake, Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau. Mashine bado zipo, tena nyingi. Lakini sasa najua anapigia nani kelele, na kwa nini. Hasira ina ukoo. Pale 2020 nilisikia mtu anayekimbia kitu. Hapa nasikia mtu anayerudi kwao kwa njia ambayo mimi singechagua.

Bado nalitaka gitaa. Nikisikia kesho kwamba Seeds of Datura wanapiga mahali, nitakopa nauli. Lakini nimeacha kusema walitusaliti. Mwaka jana nilimwekea babu wimbo mmoja wa The Adept kwenye simu. Alisikiliza karibu dakika nzima, akaurudisha mkononi mwangu.

“Huyu anakoroma vizuri,” akasema. “Lakini mwambie apunguze haraka.”

Sijasoma uhakiki bora kuliko huo.